Sinki la Mzee Qamara

Jumatatu asubuhi Fabiola alishuka kwenye bodaboda nyumbani kwa baba yake, juu kidogo ya Basotu, akiwa na ndoo iliyojaa stilwaya, sabuni ya unga na chupa mbili za dawa ya kung'arishia mashuka. Kibanda chake cha cherehani kule Katesh alikuwa amekifunga tangu Jumamosi. Mteja mmoja mwenye sare za harusi alipolalamika, Fabiola alimjibu kwamba harusi inaweza kungoja, roho ya mzee wake haiwezi. Ndivyo alivyo huyo mama. Akishaamua jambo, wewe pisha njia tu.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: Mzee Qamara, baba yake, alikuwa hajabatizwa. Umri miaka themanini na kitu, watoto wameokoka, mke amezikwa na wachungaji wawili, yeye bado. Fabiola alianza kumwomba tangu yeye mwenyewe alipookoka, miaka kumi na moja sasa, na mzee hakuwahi hata siku moja kusema hapana. Hilo ndilo lililokuwa linamchosha. Mtu akikukatalia, unajua umesimama wapi. Mzee Qamara alikuwa anasema sawa, ila. Sawa, ila tuvune kwanza. Sawa, ila yule ng'ombe mwekundu ana mimba. Sawa, ila ziwani kuna viboko. Na hapo kwenye viboko hakusema uongo, maana kanisa la Fabiola linabatiza kwa kuzamisha, na wanyama hao kwenye Ziwa Basotu wapo kweli. Basi kila mwezi Fabiola alipanda bodaboda, akaja, akahubiri, akapewa ila mpya, akarudi Katesh kabla ya chakula cha mchana.

Mwaka huu mambo yalibadilika. Miguu ya mzee ilivimba, kifua kikaanza kumbana, na kwenye zahanati wakasema moyo umechoka. Fabiola alirudi Katesh siku ile akilia njia nzima mgongoni kwa dereva. Aliogopa, tena aliogopa sana. Imani yake ilimwambia kwamba baba akiondoka hivi alivyo hawataonana tena, imekwisha hapo. Mwingine anaweza kubishana naye juu ya hilo. Yeye aliliamini hivyo hivyo lilivyo.

Mchungaji wake, Agustino, mtu mpole asiye na maneno mengi, ndiye aliyetoa wazo. Kama mzee hawezi kushuka ziwani, maji yamfuate nyumbani. Si kuna lile sinki?

Sinki lenyewe ni la kuogea, lile refu la mtu kulala ndani, la faibaglasi. Mzee Qamara alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano enzi zake, na siku walipopiga mnada vitu vya nyumba za wataalamu wa mashamba hayo, yeye alikwenda kutafuta betri akarudi na sinki. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Wao bafu lao lilikuwa ukuta wa mabua na jiwe la kusimamia! Lakini mzee alijua alichokuwa anafanya. Alilichimbia kando ya zizi, akaziba tundu lake, likawa hori la kunyweshea ng'ombe, na kwa miaka mingi hakuna mtu kijijini aliyekuwa na hori zuri kuliko lile.

Shida ni kwamba humo ndani aliweka pia makopo ya bati yenye chumvi ya ng'ombe, na mnyororo wa kufungia dume. Chumvi, maji na chuma vikikaa pamoja unajua kinachotokea. Sinki lililokuwa jeupe likashika kutu chini yote na ubavu mmoja, madoa mekundu kama udongo wa barabarani.

Kwa hiyo Mchungaji alipokuja kumwomba mzee kwa adabu zote, mzee aliitazama ile miguu yake, akalitazama sinki, akasema, "Sawa, Mchungaji. Ila ninyi mnasema mtu anaoshwa. Nani anaogeshwa kwenye chombo kichafu? Likirudi kuwa jeupe kama siku niliyolinunua, mimi naingia. Sina neno lingine."

Alilisema mbele ya mgeni, na mzee wa huku akishasema mbele ya mgeni harudi nyuma. Mchungaji alitaja Jumapili. Fabiola moyoni alishangilia. Baada ya viboko na mimba za ng'ombe, kumbe kilichobaki ni kutu tu!

"Shikamoo, baba," alisema siku hiyo ya Jumatatu, akiinama.

"Marahaba. Umekuja na ndoo."

"Nimekuja na ndoo, baba. Jumapili utalikuta linang'aa."

Mzee alikuwa kwenye kigoda chake chini ya upenu wa nyumba, blanketi mabegani, fimbo katikati ya magoti. Hakujibu. Alisogeza kigoda kidogo, apate kuona vizuri.

Sasa hapa ni lazima useme ukweli juu ya wanawake wa huku. Sufuria zao wanazisugua mpaka nje, mpaka kitakoni, halafu wanazipanga kichanjani ambako kila apitaye barabarani anaziona, na msichana ambaye sufuria zake ni nyeusi kitako anajulikana mpaka vijiji vya mbali. Fabiola alilelewa hivyo. Alifundishwa kwamba uchafu ni adui, na adui anapigwa kwa mchanga, majivu na gunzi la hindi mpaka asalimu amri. Basi alipofukua sinki, akalivuta uani akisaidiana na wifi yake Marieta, alipandisha kanga, akapiga magoti, akalishambulia kama sufuria ya msibani.

Alisugua mpaka adhuhuri. Majivu, mchanga, stilwaya. Jasho lilimtoka mpaka kwenye vidole. Alipomwagia maji aone, alikuta madoa yako pale pale, na pembeni yake ule mng'ao wote umekwenda, faibaglasi imekuwa na mikwaruzo kama goti la mtoto aliyeanguka. Mbaya zaidi, kutu ilikuwa imeingia ndani ya mikwaruzo.

Marieta ni mjane wa mmoja wa kaka zake Fabiola, ndiye anayekaa na mzee na kumpikia. Alisimama juu ya sinki, mikono kiunoni. "Wifi, hongera. Zamani lilikuwa na madoa. Sasa lina madoa na upele."

"Niache, Marieta."

"Nimekuacha. Chakula kipo."

Jumanne alijaribu ile dawa ya mashuka. Kwenye mashuka ya wateja wake iliondoa kila kitu, hata maua. Alimimina chupa nzima, akaacha, akaenda kuteka maji. Aliporudi madoa yalikuwa yamekolea, yale ya rangi ya machungwa yamegeuka kahawia, na harufu ilikuwa inawafukuza kuku. Fabiola alijipiga kofi pajani. Jamani! Pesa ya sabuni, siku mbili, na sinki linazidi kuharibika mbele ya macho yake!

Na muda wote huo mzee alikuwa pale kwenye kigoda, anaongea. Hakuzungumzia ubatizo, alizungumzia matrekta. Alieleza kuhusu trekta lililokuwa halitaki kuwaka asubuhi ya baridi mpaka uliimbie, na kuhusu fundi mmoja aliyekula kilo nzima ya nyama kwa ubishi akalazwa. Fabiola mwanzoni alikuwa anaitikia "eeh, baba" bila kusikiliza, mkono unasugua. Lakini mtu hawezi kusugua siku tatu bila kusikiliza. Jumatano alijikuta anauliza, "Sasa yule fundi alipona?" Mzee akafurahi mpaka akakohoa.

Aligundua mambo mengine pia. Aligundua kwamba baba yake hasikii sikio la kushoto. Alimwita mara tatu akiwa upande ule, mzee hakugeuka, na Marieta akasema kwa mshangao, "Kwani hujui? Huo ni mwaka wa tatu." Fabiola alisimama pale na gunzi mkononi. Miaka mitatu alikuwa anakuja, anavuta kiti, anakaa kushoto kwa mzee kwa sababu ndiko kwenye kivuli, anahubiri. Akauliza, "Baba, mahubiri yangu ulikuwa unayasikia?"

"Sauti nilikuwa naisikia," mzee akasema.

Marieta aliingia jikoni haraka, na kicheko chake kikasikika huko huko.

Siku hiyo ya Jumatano ndipo Fabiola alipoteremka dukani kwa Mwanaamina, mama wa Kiislamu aliyehamia Basotu na mumewe kufanya biashara ya samaki na vitu vidogo vidogo. Mwanaamina alisikiliza habari yote huku anapima sukari, akatikisa kichwa.

"Umelipiga na stilwaya? Faibaglasi? Pole, dada. Kutu haipigwi, inalegezwa. Tafuta kitu kichachu. Limau na chumvi, upake, uache, ufute kwa kitambaa laini. Na ile dawa ya mashuka usiirudie, kwenye kutu inaongeza."

Fabiola alinunua malimau yote yaliyokuwapo, kumi na manne, madogo na makavu. Alhamisi nzima alikata, akakamua, akachanganya na chumvi, akapaka. Na kweli, jamani, ilifanya kazi. Madoa ya ubavuni yakaanza kutoka, kitambaa kikawa kinarudi na wekundu. Fabiola aliimba pambio. Lakini jua la Basotu halina huruma na upepo ndiyo usiseme. Maji ya limau yalikuwa yanakauka kabla hayajamaliza kazi, na kufikia jioni malimau yalikuwa yamekwisha na chini ya sinki, pale ambapo mtu atalala, palikuwa bado pekundu. Mwanaamina hakuwa na mengine. Siku ya soko la mnada ilikuwa bado mbali.

Ijumaa asubuhi Fabiola alisugua kwa maganda ya malimau ya jana. Kucha zilikuwa zimekatika, vidole vimechubuka na chumvi inauma kwenye michubuko. Karibu saa nne alisimamisha mkono. Alikaa chini, hapo hapo kwenye tope, mgongo kwenye sinki, akaanza kulia, kilio kabisa, cha sauti, mwanamke mzima wa miaka hamsini.

"Nimeshindwa, baba," alisema. "Nimeshindwa. Nampigia Mchungaji asije. Kama hutaki, basi hutaki. Na mimi nimechoka. Sitakusumbua tena na habari hizi, baba. Naondoka zangu Katesh leo, sitakusumbua tena."

Alikuwa amekaa upande wa kulia. Mzee alisikia kila neno.

Alichora chini kwa fimbo. Kisha akaita kwa sauti ambayo Fabiola alikuwa hajaisikia tangu utotoni, "Marieta! Maziwa ya mgando yapo kiasi gani?"

"Vibuyu vitatu, baba. Na ya kwenye ndoo."

"Yaache yatulie, uchuje yale maji yake. Yote. Ulete na matambara, na lile nailoni la kuanikia mahindi." Akamgeukia binti yake. "Nyamaza, mama. Usilie. Kwenye karakana nati zikishikwa kutu tulikuwa tunazilaza kwenye maji ya mgando. Unalowesha tambara, unalitandaza juu ya doa, unafunika na nailoni jua lisikaushe. Likikaribia kukauka unalowesha tena. Husugui. Unaliacha lifanye kazi lenyewe."

Marieta alinung'unika kwamba ndama watakosa, lakini alileta. Walitandaza matambara chini yote ya sinki, mpaka ubavuni, wakafunika na nailoni na kukandamiza kwa mawe. Kila baada ya saa mbili Fabiola alifunua, akalowesha, akafunika. Uani kote kulinuka mgando uliochacha na mbwa wa jirani hawakuondoka. Kazi nyingine haikuwapo, kwa hiyo alikaa kwenye gunia karibu na kigoda cha mzee. Walikula ugali na mlenda pamoja. Mzee alimweleza jinsi mama yake Fabiola alivyomkataa mara mbili kabla ya kumkubali, na Fabiola alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo maisha yake yote.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana alifunua kwa mara ya mwisho. Matambara yalikuwa rangi ya chai. Alipitisha kitambaa laini na sabuni kidogo, akamwaga maji, akasimama.

Lilikuwa jeupe. Pale alipolikwaruza Jumatatu lilikuwa limefifia, haling'ai, na halitang'aa tena. Lakini doa hata moja halikuwapo. Marieta alipiga kigelegele. Mzee aliomba asaidiwe kusimama, akaja polepole, akainama, akapitisha kiganja chini mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Nimeshindwa mimi. Mpigie aje."

Fabiola alikuwa anatafuta simu mfukoni, anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja, ndipo wazo likamjia. Mkono ukabaki mfukoni.

"Baba. Habari hii ya maji ya mgando uliijua tangu lini?"

"Tangu nikiwa kijana."

"Jumatatu ulikuwa unaijua?"

"Nilikuwa naijua."

Hapo hasira zikampanda mpaka masikioni. "Ukaniacha! Siku tano, baba! Tazama vidole vyangu! Kucha zote zimekatika, nimemaliza malimau ya Basotu nzima, nimelia kwenye tope, na wewe umekaa hapo unanitazama? Kwa nini hukuniambia?"

Mzee Qamara alirudi kwenye kigoda, akakaa, akapumua kwanza, maana kifua kilikuwa kinambana.

"Ningekuambia Jumatatu," akasema, "Jumanne ungekuwa Katesh."

"Kaka yako Bura wa Dongobesh," mzee akaendelea, "ameokoka?"

"Ameokoka, baba. Unajua. Tuliokoka siku moja."

"Na Dongobesh ni mbali?"

"Si mbali."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

Fabiola alihesabu miaka. Ilikuwa msiba wa mama. Miaka sita. Bura hakuwa na shida yoyote, yuko salama, ameokoka, ana shamba lake na wanawe. Hakukuwa na sababu ya kwenda.

"Mimi si mjinga, mama," mzee alisema, bila ukali wowote. "Miaka kumi na moja unakuja kila mwezi. Mvua, vumbi, unakuja. Unakuja kwa sababu sijabatizwa. Sasa kesho nabatizwa. Mwezi ujao utakuja kufanya nini?"

Fabiola angeweza kusema nitakuja, baba, lakini alijua, na mzee alijua, ni mara ngapi alikuja mahali hapo bila mahubiri. Haikuwapo hata mara moja. Alikuwa amempenda baba yake kwa miaka kumi na moja kama mtu anavyofuatilia kesi. Aliona aibu. Alipiga magoti mbele ya kigoda, akaweka kichwa kwenye magoti ya mzee, kwenye blanketi linalonuka moshi, akalia tena, safari hii bila sauti. Mzee alimwekea mkono kichwani akauacha hapo.

"Mpigie Mchungaji," alisema baadaye. "Nilishatoa neno mbele yake."

Jumapili walikuja watu ishirini na kitu kutoka kanisani. Marieta alichemsha maji ili moyo wa mzee usishtuke, wakajaza sinki mpaka karibu na ukingo. Wanaume wanne walimnyanyua, Mchungaji Agustino akasema maneno yake, wakamzamisha, wakamtoa. Mzee alitema maji, akajifuta macho, akasema, "Maji yananuka mgando," na watu wakacheka huku wanaimba. Fabiola alimfunika kwa shuka alilolishona mwenyewe. Woga wote uliokuwa umemkaa kifuani tangu siku ya zahanati ulitoka, akajisikia mwepesi. Saa kumi alipanda bodaboda. Mzee alimwangalia akiondoka.

Jumatatu Fabiola alifungua kibanda. Jumanne alishona. Jumatano alishona, akakosea mkono wa shati, akaufumua. Alhamisi asubuhi alimwomba jirani amtazamie wateja.

Mzee Qamara alikuwa kwenye kigoda. Aliposikia pikipiki alinyoosha shingo, na alipomtambua aliyeshuka alishika fimbo kwa mikono miwili akajaribu kusimama.

"Fabiola! Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mchungaji amekutuma?"

"Hapana."

"Umesahau kitu?"

"Sijasahau kitu."

Mzee alitazama mikono yake. Ilikuwa mitupu, hata mkoba hakuwa nao.

"Sasa?"

"Sasa nini, baba? Nimekuja tu."

Mzee alirudi kukaa. Akaangalia pembeni, kule kwenye mashamba ya ngano. Marieta alichungulia mlangoni, akawaona, akarudi ndani kuongeza unga kwenye sufuria.